Barua kwa mwanangu aliyekabidhiwa timu ya nyanjani

Mwanangu mpenzi,

Ujumbe wako nimeusoma mara tatu. Unasema umekabidhiwa timu ya wataalamu wa kitabibu wa nyanjani, wale wanaokutana na madaktari kuzungumza sayansi ya dawa bila kuiuza, watu wanane, katika kampuni inayotengeneza dawa za saratani, kisha unaniuliza: "Mama, kama sisi hatuuzi, nitajuaje kwamba ninaiongoza vizuri?" Kazi hiyo niliifanya miaka kumi na moja. Nitakujibu kwa niliyoyaona, na zaidi kwa pale nilipokosea.

Mkanganyiko unaouhisi haukuanza na wewe. Kazi hii ilianzishwa na kampuni ya Upjohn, Marekani, mwaka 1967, na watu wake wa kwanza walichaguliwa kutoka miongoni mwa wauzaji wazoefu. Baadaye ndipo kampuni zilipoanza kutafuta madaktari, wafamasia na wanasayansi wenye shahada za juu, na ukuta ukajengwa kati yao na idara ya mauzo. Ukuta huo ulinde. Daktari akiuliza kwa hiari yake kuhusu matumizi ambayo bado hayajaidhinishwa, mtu wako anaweza kumjibu, kwa ushahidi wote, unaoipendeza kampuni na usioipendeza, na jibu hilo liwekwe kwenye kumbukumbu. Kumchokonoa daktari mpaka aulize ni kuuza. Ipo siku mkuu wa mauzo atakujia kwa upole akuombe umtume kijana wako kwa daktari fulani kwa sababu "bado anasitasita". Mkatalie siku hiyohiyo ya kwanza, maana ombi la pili huja likiwa zito zaidi.

Kuhusu ukuta sina zaidi. Kilichonisumbua miaka yote ni kipimo.

Mimi nilihesabu ziara. Kila mwezi nilitaka kujua kila mmoja amewaona madaktari bingwa wangapi, mada ngapi zimewasilishwa, vituo vingapi vya majaribio vimetembelewa. Namba zilipanda nami nikasifiwa. Wakati huo tulikuwa na dawa ya vidonge iliyokwisha kuidhinishwa kwa aina moja ya saratani, na tulikuwa tunaandaa majaribio yake kwa aina nyingine. Wagonjwa walikuwa wanapata vidonda mdomoni. Kila taarifa ilitumwa kwenye kitengo cha usalama wa dawa ndani ya saa 24 kama kanuni yetu ilivyotaka, na kila kidonda kiliandikwa "cha wastani". Kwenye karatasi tulikuwa safi.

Lakini binti mmoja wa timu yangu alikuwa amesikia jambo jingine kliniki. Daktari alimwambia kwamba wagonjwa wake wanaruka vidonge siku mbili kila wiki ili angalau waweze kula. Wiki chache baadaye akasikia hayohayo kwa daktari mwingine. Hakuniambia. Nilipomuuliza kwa nini, alinijibu bila kiburi: "Mama mkubwa, hukuwahi kutuuliza kitu kama hicho." Kwenye fomu yangu hapakuwa na mahali pa kukiandika. Habari hiyo ilinifikia miezi mitatu baadaye, kwenye mkutano wa kisayansi, kutoka kwa daktari mwenyewe. Wakati huo itifaki ya majaribio mapya, yaani mpango wake ulioandikwa, ilikuwa imeshapitishwa kwa dozi ileile, na wagonjwa walikuwa wameanza kusajiliwa. Ilirekebishwa baadaye. Wale waliotangulia walipitia maumivu ambayo kikao kimoja cha nusu saa kingeweza kuwaepusha, na mpaka leo nawafikiria.

Nakueleza haya kwa kirefu kwa sababu dozi ndipo masikio ya timu yako yanapohitajika mno. Mazoea ya kupandisha dozi hadi kiwango cha juu kabisa ambacho mwili unaweza kuhimili yalitokana na kemotherapi, ambayo mgonjwa hupewa kwa mizunguko, akapumzika, akamaliza. Vidonge vinavyolenga badiliko la jeni humezwa kila siku, kwa miezi, pengine miaka. Jaribio la awamu ya kwanza hupima uvumilivu katika wiki tatu au nne za mwanzo, na kuhara kidogo kunakovumilika wiki tatu ni mateso ufikapo mwezi wa nane wa matibabu. Mwaka 2021 FDA, mamlaka ya dawa ya Marekani, ilianzisha mradi wa Optimus ili kampuni zitafute dozi inayofaa, si ile ya juu tu. Mwaka huohuo iliidhinisha sotorasib, dawa ya saratani ya mapafu yenye badiliko la jeni liitwalo KRAS G12C, kwa miligramu 960 kwa siku, na papo hapo ikaitaka kampuni ifanye utafiti wa kuilinganisha na miligramu 240. Anayemwona mgonjwa wa mwezi wa nane ni daktari wa kliniki, na katika kampuni nzima anayeketi na daktari huyo mara kwa mara kuzungumza sayansi ni mtu wako.

Basi hesabu habari mbaya. Jiulize kila mwezi ni mangapi yasiyopendeza yamekufikia kabla hujayasikia kwingine, na mangapi kati ya hayo umeyafikisha kwa wanaoandika itifaki. Mwezi ukipita kimya, usifurahi. Anayeleta habari nzito mshukuru mbele ya wenzake, hata kama siku hiyo umechoka.

Wafundishe pia kurudi. Mwaka 2008 FDA iliidhinisha bevacizumab kwa saratani ya matiti iliyosambaa kwa sababu ilichelewesha ukuaji wa uvimbe; mwaka 2011 ikaiondolea idhini hiyo, kwa kuwa tafiti zilizofuata hazikuonyesha kwamba wagonjwa wanaishi muda mrefu zaidi. Mtu wako aliyempelekea daktari matokeo ya mwanzo ndiye anayepaswa kumrudia na matokeo ya mwisho, awe amealikwa au la.

Wiki yako ya kwanza usiitishe kikao cha malengo. Fuatana na kila mmoja wao kwenye ziara moja, kaa pembeni, usijibu swali hata kama unalijua jibu. Mkishatoka nje, kabla hajafungua kompyuta yake, muulize daktari amesema nini ambacho yeye hakukusudia kukiandika kwenye ripoti. Kisha nyamaza umsubiri. Wa kwanza huenda akakujibu "hakuna". Muulize tena ziara inayofuata.

Jumamosi jioni nitakuwa nyumbani. Nipigie uniambie walichokujibu.

Mama yako