"Shangazi, mke wangu ananihesabia vidonge na kuninyima hata bia mbili"

Shikamoo Shangazi. Mimi ni mwanamume wa miaka 38, mzaliwa wa Marangu ninayeishi Dar es Salaam, nina mke na watoto wawili. Mwaka 2020 niligundulika kuwa na ugonjwa wa baipola, ule wa akili unaompandisha mtu kupita kiasi kisha kumshusha kwenye huzuni, na tangu hapo natumia lithiamu kila usiku na niko sawa kabisa. Tatizo ni mke wangu. Kila Jumapili jioni anapanga vidonge vyangu kwenye kiboksi chenye vyumba saba na kila asubuhi anakikagua. Amekwenda mpaka kwa mwenye glosari ya mtaani kumwambia asinikopeshe. Mbaya zaidi, Krismasi iliyopita alimweleza kaka yangu mkubwa, na kata ya mbege ilipozunguka ikanipita, nikaletewa soda mbele ya wazee wa ukoo. Mimi si mlevi. Ni bia mbili tatu za mwisho wa wiki, na Ijumaa na Jumamosi dawa siimezi ili visigongane na pombe. Kidonge nakitoa kwenye kiboksi nakitia mfukoni ili asianze maneno. Je, mwanamke wa namna hii si wa kumrudisha kwao akajifunze adabu?
Baba wa Wawili, Dar es Salaam

Marahaba, mwanangu. Pole kwa maradhi, na pole kwa ile soda, maana najua kwenu Uchagani kata ikimpita mtu mzima mbele ya wazee ni kama ameonyeshwa mlango. Pole zangu zinaishia hapo. Nimeisoma barua yako mara tatu, pamoja na zile kurasa ambazo wasomaji hawakuwekewa hapa, na kila nikirudia namwona mkeo akizidi kuwa na haki.

Nianze na sentensi uliyoipitisha haraka kama mtu anayepita mbele ya duka analodaiwa. Unasema unatumia lithiamu kila usiku, kisha mistari michache baadaye unasema Ijumaa na Jumamosi humezi. Siku mbili kwa wiki ni usiku 104 kwa mwaka. Mtu anayeruka dawa usiku 104 hatumii dawa kila usiku, hata kama kiboksi kinaonekana kitupu asubuhi. Halafu unashangaa kwa nini mkeo anakagua! Anayefua suruali zako ni nani? Kidonge kilicholowana mfukoni huacha unga mweupe kwenye mshono, na mwanamke anayegeuza mifuko kabla ya kuloweka nguo hahitaji kuambiwa na mtu. Mimi naamini anajua zamani, na amekuvumilia kwa kuhesabu kimya kimya badala ya kukuumbua.

Lithiamu haimezwi kama dawa ya maumivu, ambayo mtu huimeza kichwa kikiuma na kuiacha kikitulia. Ni aina ya chumvi, iliyopata njia katika tiba ya maradhi yako baada ya daktari wa Australia, John Cade, kuandika habari zake mwaka 1949, na faida yake yote hutegemea kiwango chake ndani ya damu kubaki palepale, kwa kawaida kati ya milimoli 0.6 na 1.0 katika kila lita. Ikishuka chini ya hapo haikulindi vya kutosha, na ikipita 1.5 inakuwa sumu. Unaona jinsi njia ilivyo nyembamba. Mtu akianza kuimeza, kiwango hicho huchukua karibu siku 5 kutulia; na wewe unameza Jumapili hadi Alhamisi, ambazo ni siku tano hasa, kisha Ijumaa unapoanza kuvuna unachoma shamba.

Umelalamika pia kwamba mwezi wa tatu daktari alikuongezea dozi "bila sababu". Sababu ni wewe. Kama kipimo cha damu kilionyesha kwamba dawa haitoshi, naye hakuambiwa habari za Ijumaa wala za Jumamosi, angefanya nini zaidi ya kuongeza? Sasa una dozi iliyokadiriwa kwa mtu anayemeza kila siku, na siku utakapoimeza yote ipasavyo huku ukinywa, unaweza kujikuta umetupwa ng'ambo ya pili, kwenye sumu.

Nikueleze namna inavyokuwa, kwa sababu nilikwenda kumwuliza mfamasia kabla ya kukujibu. Bia inamkojoza mtu kuliko maji aliyokunywa, na joto la Dar es Salaam linamalizia kwa jasho. Figo zikiona maji na chumvi vimepungua mwilini, huishika chumvi isitoke, na kwa kuwa lithiamu ni ndugu wa chumvi hiyo, nayo hushikwa na kubaki ndani. Kisha asubuhi, kwa maneno yako mwenyewe, unameza diklofenaki mbili "kutoa kichwa cha pombe". Diklofenaki, na ibuprofeni vilevile, huzifanya figo ziitoe lithiamu kidogo zaidi. Umefunga mlango wa mbele kwa bia na wa nyuma kwa dawa ya maumivu, na wewe uko ndani.

Dalili za sumu hiyo ndizo zilizonikosesha usingizi. Mikono hutetemeka kwa nguvu, mtu hutapika na kuharisha, hupepesuka, ulimi huwa mzito, maneno hayaeleweki. Niambie, mwanangu, mtu wa namna hiyo akionekana nje ya glosari Jumamosi usiku, nani atamkimbiza hospitali? Wenzako watacheka, watakulaza kwenye benchi, watakufunika koti, watasema atazinduka asubuhi. Mtu mmoja tu katika mtaa mzima ndiye angejua kwamba huo si ulevi, na ndiye huyo unayetaka kumrudisha kwao.

Wanaotumia dawa nyingine za maradhi haya wasicheke pembeni. Valproeti inaweza kuliumiza ini, na pombe inaliumiza ini hilohilo. Olanzapini au kabamazepini ikikutana na pombe humpa mtu usingizi mzito na miguu isiyo yake, na kama ana usukani mkononi, msiba ni wa watu wengi. Hata mtu angepewa dawa isiyogombana na kitu chochote, pombe yenyewe ingebaki na ugomvi wake, kwa sababu inavuruga usingizi wa usiku na kuacha huzuni mchana wake, na kwa mgonjwa wa baipola usingizi ukivurugika maradhi hupata njia ya kurudi.

Hapo ndipo ninapofika kwenye kurasa ambazo wasomaji hawakuziona. Barua yako ilinifikia saa tisa na dakika arobaini usiku, ikiwa ya tatu katika usiku huohuo. Kurasa mbili zinamhusu mkeo. Tano zinazofuata zinahusu mabasi manne ya Coaster unayotaka kuyachukua kwa mkopo kwa kuweka nyumba rehani, njia yatakazopita, rangi yake, na maneno yatakayoandikwa kwenye kioo cha nyuma. Unasema hujawahi kuwa na akili safi kama mwezi huu, na kwamba kulala kwa muda wa saa tatu tu kila usiku kunakutosha. Mwanangu, umenisimulia mwenyewe kwamba mwaka 2020 uliuza kiwanja cha Kibaha kwa bei ya kutupa na kuwanywesha watu siku tatu mfululizo. Siku zile nazo akili yako haikuwa safi hivihivi? Mwenye homa hujijua ana homa, lakini anayepandishwa na maradhi yako hujiona ndiyo kwanza amepona. Ndiyo maana mgonjwa wa namna hii anahitaji macho ya pili nyumbani, na macho hayo wewe unayaita utovu wa adabu.

Na katikati ya habari za mabasi umechomeka, kama mtu anayeweka kitu chini ya mkeka, kwamba Jumatatu moja ulitamani usiamke. Neno hilo siliachi lipite. Halingoji tarehe ya kliniki. Mwambie mkeo leo kwa maneno hayohayo, mwende hospitali pamoja leo hii, na usibaki peke yako kabla ya kuonwa na daktari.

Unasema uko sawa kabisa. Ukiona vyaelea, vimeundwa. Miaka hii ambayo umekwenda kazini na kurudi, watoto wamelipiwa ada na nyumba haijauzwa, imeundwa na lithiamu na mwanamke anayekaa mezani kila Jumapili jioni na kiboksi cha vyumba saba. Siku hizi neno "ananichunga" limekuwa tusi katika ndoa, kana kwamba mapenzi ya kisasa ni kila mmoja kumwacha mwenzake aanguke kwa uhuru wake. Binti anafundwa wiki nzima kabla ya harusi namna ya kupika, kutunza na kunyamaza. Kijana hafundwi na mtu yeyote namna ya kuugua, namna ya kuletewa dawa na maji na kusema asante badala ya kuona amevuliwa suruali mbele za watu. Kisha anasimama kanisani anaapa "katika afya na ugonjwa", akidhani kwamba mgonjwa atakuwa mwenzake.

Kwa mwenye glosari, mkeo nampa heshima zangu. Mwanamke aliyelala na hasira angekwenda kugombana na wateja. Yeye amekwenda kwa anayeuza, akaomba jambo moja dogo. Na hilo limenifungua macho, kwa sababu mtu wa bia mbili tatu hana sababu ya kukopa glosari.

Kosa lake naliona moja tu, nalo ni la Krismasi. Alipaswa kukuambia mapema kwamba amezungumza na kaka yako, msikae mkashangazana mbele ya ukoo. Hilo mwambieni kaka mkubwa alirekebishe Desemba ijayo. Mbege hupikwa kwa ndizi mbivu, kimea cha ulezi na gome la msesewe, na rangi yake ndani ya kata haiko mbali sana na ya togwa. Kaka yako akikupa kata yenye togwa kwa mikono miwili, nawe ukaipokea kwa mikono miwili, hakuna mzee atakayeinama kuchungulia, na heshima yako itabaki mahali pake.

Mkopo usiusaini. Hati ya nyumba mpe mkeo au kaka yako aishike mpaka daktari aseme vinginevyo. Hospitali nenda na kiboksi, pamoja na vile vidonge vya mfukoni kama vipo, umweleze daktari ukweli wote: usiku unaoruka, diklofenaki, na idadi ya bia kama anavyoijua mwenye glosari, si kama ulivyoniandikia mimi. Usijaribu kufidia vidonge ulivyoruka kwa kumeza viwili kwa mpigo. Na kama unywaji wako ni wa kila siku, usiukate ghafla peke yako nyumbani, maana mwili uliozoea pombe ukinyimwa mara moja unaweza kushikwa na degedege. Hilo nalo ni la kusimamiwa na daktari.

Habari za kumrudisha mkeo kwao sitazijibu. Ukiniandikia tena, andika mchana, na yeye asome kabla hujatuma.