Maswali ya wasomaji: Nataka kompyuta yangu iingie kwenye boksi la mninga

SWALI: Shikamoo fundi. Mimi ni kijana wa hapa Tanga mjini, mzee wangu ni seremala na mimi natengeneza kompyuta kidogo kidogo mtaani. Nina kompyuta ya mezani iliyotoka ofisini, inafanya kazi vizuri ila boksi lake limeliwa na kutu ubavuni na mbele. Mzee amenipa vipande vya mninga vilivyobaki kwenye kazi ya kitanda, natamani nitengeneze kesi ya mbao. Wenzangu wanasema itashika moto, wengine wanasema itanipiga shoti. Nianzie wapi? (Msomaji, Tanga)

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Swali lako limenifurahisha sana maana fundi kompyuta na seremala kukaa nyumba moja ni bahati, kazi hizi nyingi zinaharibika kwa sababu mmoja wao hayupo.

Moto kwanza tuumalize. Mbao kavu mpaka ishike moto inataka joto la zaidi ya nyuzi 200, na prosesa, yaani ubongo wa kompyuta, ikikaribia nyuzi 100 inajipunguza kasi yenyewe, ikizidi inazima. Kwahiyo joto la kawaida la kompyuta haliwashi mninga. Kinachowasha ni pawa saplai (kile kiboksi cha ndani kinachogawa umeme) mbovu au konekta iliyolegea inayotoa cheche, na hiyo ni hatari hata kwenye boksi la bati. Pawa saplai iache ndani ya kibati chake ilivyotoka kiwandani, usiifungue, na kama ina harufu ya kuungua au feni yake imekwama badilisha kabla hujakata hata ubao mmoja. Na usione unafanya jambo geni, Apple-1, kompyuta ya kwanza ya kampuni ya Apple, ilipotoka mwaka 1976 iliuzwa bodi tupu, mnunuzi atafute kesi mwenyewe, watu wakachonga za mbao na moja wameitunza mpaka leo kwenye makumbusho ya Smithsonian kule Marekani.

Sasa lile boksi la kutu usilitupe, tafadhali. Kata ule uti wake, yaani bati la nyuma lenye matundu ya waya pamoja na bati ambalo madabodi (ile bodi kubwa inayounganisha vifaa vyote) imefungwa, vitoke vikiwa vimeshikana, alafu mbao ujenge kuzunguka hicho kiunzi. Nasisitiza hapa kwa sababu mimi kesi yangu ya kwanza nilitengeneza mgongo wa plaiwudi ya milimita 18, nimepima kila tundu, nimepiga msasa, imependeza kweli, nakuja kuchomeka waya wa HDMI, ule wa skrini, hauingii. Kichwa cha waya kinagota kwenye mbao kabla hakijafika kwenye madabodi. USB inaingia nusu. Nyuma pale pametengenezwa kwa ajili ya bati la kama milimita 1, wewe umeweka ukuta. Nilikaa jioni mbili na patasi nachimba kwa ndani na bado haikukaa sawa. Alafu kompyuta nyingi za ofisini madabodi na pawa saplai zake zina maumbo yake peke yake, vipimo vya kawaida vya milimita 244 kwa 244 vya maikro ATX, saizi moja ya madabodi inayotumika sana, usivitegemee, ukitumia bati lake lenyewe matundu ya skrubu yote yapo tayari pamoja na vile vinguzo vidogo vya shaba vinavyoinua madabodi isiguse bati. Kutu iliyobaki ikwangue na msasa upake rangi, ila pale skrubu zinapokaa acha chuma kitupu.

Hapo ndipo jibu la shoti lilipo. Bati la pawa saplai limeunganishwa na waya wa ethi (unaopeleka umeme uliovuja ardhini) unaoenda kwenye ile pini ndefu ya plagi, kwahiyo ukiifunga pawa saplai kwa skrubu kwenye kiunzi chako cha bati, kiunzi kizima kinakuwa na ethi kama zamani na mbao inabaki kuwa nguo tu. Ila ethi ya nyumba iwepo kweli, mwite fundi umeme aipime, na usichomeke plagi ya pini mbili kwa kuchokonoa soketi na kalamu.

Kwenye mbao zenyewe mzee atakusaidia kuliko mimi lakini mwambie jambo hili, boksi hili litapigwa joto kwa ndani kila siku. Mbao inatanuka na kusinyaa kwa upana wake, kwa urefu karibu haisogei kabisa. Niliwahi kutengeneza ubavu wa mvule nikiwa Dar, ubao mmoja mpana, nikaubana gundi na skrubu pande zote nne, nikahamia nao Dodoma kwenye ukavu ule. Haukumaliza kiangazi, usiku mmoja nikasikia pah! asubuhi nakuta ufa unaopitisha kucha kutoka juu mpaka chini. Mbao ilitaka kusinyaa mimi nimeifunga mikono na miguu.

Dawa yake mzee anaijua, ni mlango wa paneli. Fremu inaungwa kwa gundi, ubao wa katikati unakaa kwenye mfereji bila gundi, unapumua wenyewe. Tengeneza mbavu zote mbili hivyo hivyo, paneli ya milimita 8 inatosha. Mninga una sifa ya kutulia, hausogei sana ukishakauka, ila hakikisha umekauka, chukua kipande kimoja upime kwenye mizani ya jikoni kila wiki, uzito ukiacha kupungua ndio uanze kuranda. Na vaa barakoa, vumbi la mninga linawasha pua na kifua.

Hewa ndio ya kuumiza kichwa kabisa, kwa sababu bati huwa linasaidia kutoa joto kidogo na mbao haitoi, inalihifadhi kama blanketi. Hewa iingie mbele chini, itokee nyuma juu. Mbele weka feni mbili za milimita 120, nyuma moja, zinazoingiza zikizidi zinazotoa vumbi halipati njia ya kupenya kwenye mianya, linapita mbele tu ambako utakuwa umeweka kipande cha neti ya mbu cha kutoa na kufua. Matundu ya skrubu za feni hiyo yanaachana milimita 105, chora kwanza kwenye karatasi ngumu. Mapambo ya mbele yasizibe, ukitaka nakshi toboa nakshi yenyewe iwe ndio njia ya hewa, kama zile za juu ya milango ya pwani. Swichi ya kuwashia ng'oa ile ya zamani na waya zake, piga picha zilivyochomekwa kabla hujagusa.

Vanishi paka ndani na nje, ukipaka upande mmoja ubao utapinda, alafu iache wiki nzima mpaka harufu iishe ndio uingize vifaa.

SWALI: Mimi sina mninga, naweza kutumia MDF? (Msomaji, Morogoro)

JIBU: Unaweza, MDF ni ubao wa kiwandani wa nyuzi laini za mbao zilizoshindiliwa na gundi, na kwa anayeanza ni rahisi maana nyuzi zake hazina mwelekeo mmoja, haipasuki kwa ukavu. Ubaya wake ni maji, ikilowa kwenye kingo inavimba na hairudi, kwahiyo kingo zote paka gundi ya mbao iliyochanganywa na maji kidogo kabla ya rangi. Skrubu usizipigilie kwenye ubavu wake bila kutoboa kwanza, inachanika kama mkate wa silesi, na chini weka vimiguu vya mpira boksi lisikae kwenye sakafu inayodekiwa.