Haidromita imevunjika ndani ya ndoo: je, bia inafaa kuchujwa?

Ndugu, umeuliza kama lita 20 za bia yako zinaweza kuokolewa kwa kuchujwa, baada ya haidromita ya kioo, yaani kifaa kinachoelea cha kupimia uzito wa kimiminika, kuvunjikia ndani ya ndoo ya kuchachushia. Nakusihi uimwage, ingawa najua imekugharimu kimea, hamira na wiki mbili za kusubiri.

Kioo ni kizito kuliko bia, hivyo vipande vikubwa huzama. Hatari iko kwenye chembe ndogo zinazonaswa katika mashapo ya hamira, ambazo kitambaa hakizizuii zote hata ukikikunja mara nne. Isitoshe, chini ya haidromita huwekwa vidonge vya chuma au vya madini ya risasi, ambayo ni sumu, ili isimame wima. Yangu ilipovunjika niliviona sakafuni mwa ndoo, vya kijivu, vidogo kama punje za ulezi, na kwa macho sikuweza kutambua ni vya madini gani. Bia ina asidi, na risasi ikishayeyuka ndani yake haionekani wala haichujiki.

Iwapo pia umevunja kipimajoto cha zebaki, usiichemshe bia hiyo kamwe, kwani mvuke wa zebaki ni sumu, wala usiimwage kwenye sinki. Ifunike na uulize mamlaka ya mazingira namna ya kuiondoa.

Ndoo ya plastiki iliyokwaruzwa na vioo nayo uiache, kwa sababu bakteria hujificha katika mikwaruzo ambayo dawa haifikii. Kuanzia sasa, chota bia kidogo uipimie kwenye silinda ya pembeni, kisha usiirudishe ndooni.