Usiulize nafasi ya fildi iko wapi, uliza kazi imerundikana mezani kwa nani

Kuanzia Aprili simu yangu huanza kupokea ujumbe wa aina moja. "Shikamoo dada, niko mwaka wa pili, naomba koneksheni ya fildi." Yaani yale mafunzo kwa vitendo ya mwanafunzi wa chuo. Nikiuliza wapi, jibu ni Dar es Salaam. Nikiuliza ofisi gani, jibu ni benki, bandari, mamlaka ya mapato TRA, "au yoyote ile". Hiyo "yoyote ile" ndiyo hunichosha, maana aliye tayari kwenda popote mara nyingi hajajiuliza anakwenda kufanya nini.

Sicheki mtu. Mwaka wangu wa pili nilikuwa hivyo hivyo. Nasomea ununuzi na ugavi, nina nakala kumi na moja za barua ya utambulisho ya chuo, masika imekolea, nazungukia maofisi ya mjini huku nimezikumbatia kifuani zisilowane. Ofisi moja mlinzi alinipokelea barua getini, akasema wataniita. Wiki tatu baadaye nikarudi kuulizia. Akavuta droo, na barua yangu ilikuwa humo humo, chini ya kitabu cha wageni, juu yake alama ya duara ya kikombe cha chai. Hata ngazi haikupanda.

Siku hiyo nikaamua kwenda ofisi ya ushauri wa kazi pale chuoni. Wenzangu wengi hawakujua hata mlango wake. Waliokuwa wanaujua walidhani kazi yake ni kubandika matangazo ya ufadhili uliokwisha muda. Nilimkuta mzee mmoja na feni bovu. Nikamweleza shida yangu, akaniuliza swali ambalo sikuwa na jibu lake: "Hizo ofisi unazoomba, mwezi wa saba huwa zinafanya nini?"

Akanifungua macho. Mwaka wa fedha wa serikali unaisha 30 Juni. Kwa hiyo mwisho wa Juni stoo zote za umma zinahesabiwa, na kuanzia Julai mpaka Septemba wahasibu wanahangaika kufunga hesabu kabla wakaguzi hawajabisha hodi. Na sisi wanafunzi wa vyuo vikuu wengi tunakwenda fildi miezi hiyo hiyo. "Huko kwenu," akasema, "kuna mtu wa stoo amelemewa sasa hivi, na hajui kama wewe upo. Nenda ukamsaidie mzigo."

Tangu siku hiyo ushauri wangu kwa kila anayeniandikia ni huo huo. Jua kalenda ya ofisi kabla hujaandika barua. Unasoma uhasibu? Omba mahali wanapofunga hesabu. Unasoma kilimo? Uliza pembejeo zinagawiwa lini mkoani kwenu. Kisha hiyo sababu iingie kwenye barua, sentensi mbili tu: naomba kuja kipindi fulani kwa sababu najua mna kazi fulani, na mimi nimesoma somo fulani linalohusika nayo. Barua nyingi zinazofika maofisini zimenakiliwa kwa mtu mmoja, hata kosa la tahajia ni lile lile.

Nikaomba halmashauri ya wilaya ya kwetu, kusini. Barua ya halmashauri inaandikwa kwa Mkurugenzi Mtendaji, lakini usidhani Mkurugenzi ataifungua kwa mkono wake. Inaingilia masjala. Pale inagongwa muhuri wa kupokelewa, inawekwa kwenye faili, inapewa namba, ndipo faili linaanza safari ya meza kwa meza hadi kwa afisa utumishi na kwa mkuu wa kitengo unachokiomba. Kwa hiyo nenda na nakala ya pili, igongwe muhuri, ondoka nayo. Baada ya wiki ukirudi usiulize "barua yangu imejibiwa?" Msalimie mtu wa masjala vizuri, mwonyeshe nakala, uliza "faili liko meza gani?" Hilo swali analiweza, na ukishajua meza, unajua mlango wa kugonga. Siku hizi baadhi ya taasisi zinapokea maombi mtandaoni, na huko fuata utaratibu wao, ila meza bado zipo.

Nilipata. Wiki ya kwanza nilitumwa chapati, nikatoa fotokopi, nikabeba faili. Hapa wadogo zangu wengi ndipo wanapokata tamaa na kuanza kusaini mahudhurio asubuhi na kutoroka mchana. Mimi nilibaki kwa sababu nauli ya kurudi mjini sikuwa nayo, nisijipe sifa nisizostahili. Basi katika kukaa kaa pale nikaona kitu: kila mtu akitajiwa kulinganisha kadi na rafu, anakumbuka ana kikao.

Kila kitu stooni kina kadi yake inayoning'inia kwenye rafu, inaonyesha kilichoingia, kilichotoka na kilichobaki. Kinachosomeka kwenye kadi kilingane na kilichopo kwenye rafu na kilichoandikwa kwenye leja. Nikamwomba mama aliyekuwa msimamizi wangu, tulikuwa tukimwita Mama Stoo, aniachie hiyo kazi. Alinitazama kama mtu aliyeomba kufua mablanketi ya nyumba nzima. "Haya, anza na karatasi."

Kadi ya karatasi za A4 ilisoma rimu 140. Nikahesabu, 125. Nikahesabu tena nikianzia upande wa pili, 125. Jasho likanitoka, nikidhani nimekaribia kumtangaza mtu mwizi. Mama Stoo hakushtuka. Akasema, "Kumi na tano ni katoni tatu. Katoni tatu hazitoki mfukoni mwa mtu, zinatoka na gari. Nani alikuja na gari siku ambayo mimi sikuwepo?" Tulipekua leja ukurasa kwa ukurasa, na katikati tukakuta kipande cha karatasi kimekunjwa: idara ya elimu msingi ilichukua katoni tatu Jumamosi jioni, za kuchapia mtihani wa utamilifu wa darasa la saba, na hati ya kutolea mali haikuandikwa. Hati ikaandikwa, ikasainiwa, kadi ikarekebishwa kwa kalamu nyekundu na maelezo pembeni.

Usiku ule niliandika kurasa tatu kwenye daftari langu la fildi. Siku zilizotangulia nilikuwa nimeandika "nilisaidia kazi za ofisi", mstari mmoja, siku tano mfululizo. Mhadhiri alipokuja kukagua aliziruka zile tano, akakaa kwenye zile kurasa tatu na kuniuliza maswali nusu saa. Kwa hiyo andika kila siku, na andika namba, majina ya hati, nani anasaini kabla ya nani. Ukisubiri wiki ya mwisho utatunga, na aliyewahi kusoma ripoti za fildi hamsini anazijua za kutunga kwa harufu.

Pesa nizitaje upesi. Ofisi nyingi hazilipi mwanafunzi wa fildi chochote. Kama una mkopo wa bodi ya mikopo, HESLB, angalia kama umepangiwa fungu la mafunzo kwa vitendo. Enzi zetu ilikuwa shilingi 10,000 kwa siku, zisizozidi siku 56, yaani wiki nane kamili. Hela hiyo Dar es Salaam inaishia kwenye kodi na daladala. Wilayani kwenu, ukilala kwa shangazi, unabakiwa na akiba.

Ofisi inayokudai "ya kushughulikia" ili upewe nafasi, ondoka. Na kwa wadogo zangu wa kike: msimamizi anayetaka mkutane jioni ndipo asaini daftari lako, hiyo ni rushwa ya ngono, ni kosa chini ya sheria ya kuzuia na kupambana na rushwa ya 2007, kifungu cha 25. TAKUKURU, taasisi inayopambana na rushwa, wanapigiwa bure kwa 113. Mwambie pia mhadhiri wako siku hiyo hiyo, usingoje fildi iishe.

Jambo lingine watu huchanganya. Fildi ni ya aliyeko chuoni. Ukishahitimu kuna utarajali, yaani mafunzo ya kazini kwa mhitimu, ambao serikali iliutolea mwongozo mwaka 2017, na TaESA, chombo cha serikali cha huduma za ajira, huwaunganisha wahitimu na waajiri. Kujiandikisha hakulipiwi. Jiandikishe mapema, usisubiri mwaka wa pili wa kukaa nyumbani.

Siku ya mwisho nilimwomba Mama Stoo namba yake na ruhusa ya kumtaja kama mdhamini. Ruhusa ni muhimu. Kuna watu hupigiwa simu kuulizwa habari za mtu wasiyemkumbuka hata sura. Kila sikukuu nilimtumia salamu, bila kuomba kitu.

Miaka miwili baada ya kuhitimu niliitwa usaili wa utumishi wa umma. Mchujo wa kuandika nikapita, nikafika mahojiano ya ana kwa ana. Watu watatu mezani. Wa katikati akauliza ningefanya nini nikikuta kadi na rafu havilingani. Wenzangu nje walikuwa wamekariri vifungu vya sheria ya ununuzi. Mimi nikaanza, "Kwanza ningehesabu tena nikianzia upande wa pili," nikawaeleza ya rimu 140, ya katoni tatu na ya gari la Jumamosi. Yule wa pembeni, aliyekuwa kimya muda wote, akaweka kalamu chini.

"Sasa huyo mama," akauliza, "ndiye huyu uliyemweka mdhamini namba tatu?"