BWANA na Bwana wangu

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Biblia yangu, ile ya Union Version, katika Zaburi 110:1 inasema, "Neno la BWANA kwa Bwana wangu." Wa kwanza kaandikwa kwa herufi kubwa tupu, wa pili hapana. Ni mabwana wawili? Jirani yangu naye anadai watafsiri wa Kiswahili walilificha jina la Mungu. Ni kweli?

JIBU: Marahaba. Niungame kwanza. Zamani nilipewa kijitabu cha Zaburi nisahihishe chapa. Nikakutana na BWANA, BWANA, kila ukurasa, nikadhani mpiga chapa kasahau kidole kwenye kitufe. Nikazishusha zote! Zaburi 110 ikatoka "Neno la Bwana kwa Bwana wangu," Bwana akawa kama anajisemesha mwenyewe.

Kumbe herufi zile ni alama. Katika Kiebrania, neno la kwanza ni jina lenyewe la Mungu, konsonanti nne: YHWH. La pili ni adoni, bwana wangu, neno ambalo hata mfalme aliitwa. Jina hilo la YHWH limo katika Agano la Kale zaidi ya mara 6,800, lakini Wayahudi kwa kulicha waliacha kulitamka. Wakilifikia, husoma Adonai, yaani Bwana. Wanazuoni walipoyawekea alama za irabu maandishi hayo ya konsonanti tupu, waliliwekea irabu za Adonai ili msomaji akumbuke atamke nini. Ukizisoma konsonanti za neno hili kwa irabu za lile, unapata Yehova. Na katika nakala za Kigiriki walizozirithi Wakristo, mstari huo una Kyrios, yaani Bwana, mara zote mbili, kwa hiyo kosa langu lina wazee wake.

Basi jina lilifunikwa karne nyingi kabla Biblia haijaingia Kiswahili. Union Version ya 1952 ilifuata desturi hiyo ya BWANA. Tafsiri ya Biblia Habari Njema ikachagua "Mwenyezi-Mungu", na mimi naipenda zaidi, maana hata anayesikiliza bila kuona maandishi anajua anatajwa nani.

"Mungu" lenyewe watafsiri walilikuta vinywani mwa watu. Ni ndugu wa Mulungu wa Kichewa na Kiyao. Wakristo Waarabu nao husoma Allah katika Biblia yao. Tena hebu litazame: Mungu, miungu, kama mti, miti; lakini hatusemi "Mungu unapenda", twasema "anapenda". Elohim, neno la Kiebrania la Mungu, nalo lina umbo la wingi, ila katika Mwanzo 1:1 kitenzi chake ni cha umoja. Kila nikifika hapo hutabasamu.

Jirani yako mfungulie Kutoka 6:3 katika Biblia yako hiyohiyo: "bali kwa jina langu YEHOVA sikujulikana kwao." Limeandikwa wazi. Bahati kijitabu changu kilikuwa cha Zaburi tu, la sivyo ningelishusha na hilo.