Bibi kazaliwa Poltava, karatasi zinasema Lviv: mwandishi kakosea?

SWALI: Dada shikamoo. Kuna riwaya nasoma ya Ukraine, inarukaruka kati ya vita ya 1942 na mjukuu anayeishi Kanada siku hizi. Bibi tunaambiwa kabisa kazaliwa kijijini karibu na Poltava, ila mjukuu anafungua makaratasi yake ya uhamiaji anakuta Lviv. Mwandishi kajichanganya? Na kwa nini bibi hakuwaambia wanawe mpaka anakufa?

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Hajajichanganya, tena hapo ndo kagusa penyewe.

Wajerumani walisomba watu zaidi ya milioni 2 kutoka Ukraine kwenda kufanyishwa kazi kwa lazima viwandani na mashambani kwao, wengi vijana wadogo, wasichana kibao, kifuani kitambaa cha bluu kimeandikwa OST (yaani Mashariki) kwa herufi nyeupe. Vita inaisha 1945, kumbe kwenye mkutano wa Yalta mwezi wa pili wakubwa, yaani Sovieti, Marekani na Uingereza, walishakubaliana raia wa Sovieti warudishwe kwao, na wengi walirudishwa kwa nguvu. Na kwa Stalin, kiongozi wa Sovieti, ukishafanya kazi Ujerumani we ni wa kutiliwa shaka, unahojiwa, wengine waliishia kambini. Poltava ilikuwa Sovieti, na mtu wa huko aliyeona watu wakifa kwa njaa ya 1932–33 iliyoletwa na sera za Stalin alikuwa anaijua vizuri serikali ile.

Sasa Lviv mpaka 1939 ilikuwa Poland, na Waingereza na Wamarekani hawakuwahesabu watu wa huko kama raia wa Sovieti. Ukisema umezaliwa Lviv, unabaki! Basi watu wakajiandikisha hivyo, wakajibebesha mji ambao wengine hata hawajawahi kuukanyaga.

Umeingia Kanada kwa karatasi hiyo, utamwambia mtoto, akiropoka shuleni je? Na ndugu waliobaki kijijini nao wanaweza kusumbuliwa. Wengi walinyamaza moja kwa moja.

Wasomaji wengi wanalalamika sura za mjukuu zinaboa, mi nakataa kabisa, maana bila yeye huo uongo usingeonekana, bibi mwenyewe hausemi popote. Ujerumani kuna hifadhi ya nyaraka mji wa Bad Arolsen, ina kumbukumbu za watu kama milioni 17.5 walioteswa na Wanazi, na wajukuu wa kweli wanaandika huko kila siku kuulizia. Mjukuu wako akifika hapo kwenye riwaya soma taratibu, angalia kadi ya kiwandani ya wakati wa vita imeandikwa kazaliwa wapi, halafu linganisha na ile ya baada ya vita.