Rangi ya yai inabanduka ubaoni

SWALI: Nachora Mtakatifu Fransisko kwa ajili ya kanisa letu, kwa mtindo wa mbao za kale za Italia. Nilipaka ubao emalshoni nyeupe, nikachora kwa rangi ya kiini cha yai. Sasa inabanduka vipande vipande, na uso umekuwa mweupe kama chokaa. Nimekosea wapi? – Msomaji, Kariobangi

JIBU: Yai halina kosa. Emalshoni ikikauka huwa utando wa plastiki usiofyonza, na rangi ya yai hushika pale tu inapofyonzwa. Kwangua yote hadi ubao uonekane.

Waitalia walitumia ubao wa mpopla, mti wa Ulaya, wakaupaka gundi ya ngozi ya wanyama, wakabandika kitani, kisha jasi. Hapa Nairobi tumia plaiwudi ya marini (inayostahimili maji) ya milimita 18. Ubao mbichi wa Gikomba utapinda. Paka gundi pande zote mbili, la sivyo upande ulio wazi utavuta unyevu wakati wa masika.

Loweka gramu 70 za gundi ya ngozi katika lita 1 ya maji usiku kucha, kisha uipashe moto katika sufuria iliyowekwa ndani ya maji ya moto. Isichemke, maana itapoteza nguvu. Paka mkono mmoja, iache ikauke. Katika gundi iliyobaki chekechea unga laini wa chaki, badala ya jasi, hadi iwe nzito kama krimu. Koroga polepole, kwani mapovu huacha vitundu. Paka mikono 8 myembamba, kila mmoja ukikatiza ule wa chini, na ukaushe kivulini. Usizidishe gundi kadiri unavyopanda: tabaka la juu likiwa na nguvu kuliko la chini, hulivuta na kulipasua. Malizia kwa msasa laini.

Kiini kiviringishe kiganjani hadi ute uishe, kishike kwa utando wake, kitoboe, utando uutupe. Ongeza kijiko 1 cha maji, kisha changanya na rangi ya unga iliyosagwa kwa maji. Ijaribu kwenye kioo: ikikauka ikwangue kwa kisu. Ikitoka kama ngozi, iko sawa. Ikitoka vumbi, ongeza kiini. Cennino Cennini, aliyeandika mwongozo wa kazi hii karibu mwaka 1400, alishauri kiini cheupe cha kuku wa mjini kwa nyuso za vijana, na chekundu cha kuku wa shambani kwa wazee. Kwa hiyo gredi na kienyeji, vyote vina kazi.

Uso umekuwa chokaa kwa sababu hukutanguliza kijani. Paka usoni rangi ya udongo wa kijani mara mbili, kisha jenga rangi ya ngozi kwa mistari myembamba ya viwango vitatu, kutoka nzito hadi nyepesi, ukiacha kijani kichungulie penye giza. Tazama ubao wa mchoraji Bonaventura Berlinghieri wa 1235 kule Pescia, Italia, uliochorwa miaka 9 tu baada ya Fransisko kufariki: amesimama wima, kitabu mkononi, majeraha yake kama ya Kristo yakionekana, na visa 6 vya maisha yake pembeni.

Ukitaka dhahabu, ibandike kabla ya kugusa rangi. Karatasi ya dhahabu hunasa kwenye rangi ya yai.